Mama, grupu haikai ndani ya nyumba

Mama, usiku hapa Lemera ni baridi, na watu wengine wanaingiza grupu ndani ya nyumba ili isilowe mvua ao isiibiwe. Ni hatari! Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, halafu mtu analala na haamki. Kufungua dirisha hakutoshi. Mwenye mimba na mtoto wa tumboni wanaumia zaidi. Iweke inje, mbali na mlango na madirisha. Mtu akizimia, mvute inje upesi, umlete hospitali.

Moshi ukiwa mweusi, mara nyingi chujio ya hewa imejaa vumbi. Tena usiache mazutu iishe kabisa: hewa inaingia katika mipira yake, na grupu inakataa kuwaka.

Na hii mazutu, nani aliitia katika chupa ya Fanta? Mtoto anaona kinywaji. Akiisha kunywa, usimtapishe wala usimpe maziwa: ikirudi juu inaingia katika mapafu. Mlete siku ile ile, hata kama anakohoa kidogo tu.