Kimya cha Bunge Kisiwe Ridhaa

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi, mwalimu wa isimu, nimeusikia mshindo huo katika sheria ya mwaka 2013 isimamiayo kanuni zitungwazo na wizara na mashirika ya serikali. Kanuni zikichapishwa zisifikishwe Bungeni katika siku 7 za vikao, hubatilika. Lakini kamati ya Bunge ikikabidhiwa kanuni hizo, ikanyamaza siku 28, kimya chake huhesabiwa kuwa imeridhika. Ilhali Katiba ya 2010, kifungu cha 94, imelikabidhi Bunge mamlaka ya kutunga sheria za taifa. Je, mkulima atozwe ada mpya kwa kuwa wabunge hawakunena? Ridhaa ya mwakilishi na itamkwe, isikisiwe.