Kifaa Kinamjua Nani? Utangulizi wa Ubunifu wa Bidhaa

Jina la elimu hii lisikutishe. Ubunifu wa bidhaa ni kazi ya kuamua umbo, malighafi na matumizi ya kifaa kabla kiwanda hakijakitoa kwa maelfu. Mifano yake imejaa kwenye duka lolote la vyombo pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya.

Tuanze na dumu la lita 20. Likijaa maji huzidi kilo 20, na uzito wote hupitia mshikio mmoja. Mshikio mpana huutandaza kiganjani. Mwembamba, wenye mshono wa plastiki uliochomoza, hukata vidole. Msingi wa kwanza ndio huo: kifaa kiujue mwili wa anayekitumia. Dumu la chuma la jeshi la Ujerumani, la miaka ya 1930, lilipewa mishikio mitatu ili libebwe na mtu mmoja au wawili.

Msingi wa pili ni kidokezo, yaani umbo linalokuonyesha la kufanya bila maelezo. Bamba bapa mlangoni hukualika kusukuma, mshikio, kuvuta. Mtaalamu wa ubunifu Donald Norman, katika kitabu chake cha 1988, alisisitiza kwamba watu wakikosea mlango kila mara, mwenye kosa ni mlango.

Sasa tupande ngazi. Jiko la mkaa la bati tupu hupoteza joto ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilianza kueneza jiko lenye kauri ndani, wazo lililotokana na majiko ya Thailand, na matumizi ya mkaa yakapungua. Utadhani mjadala umekwisha. Lakini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, jiko la kupikia ndilo pia la kuota. Joto ambalo mhandisi huliita hasara, usiku wa Juni lina wenyewe. Na madirisha yakifungwa, mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Basi huenda kinachohitaji kubuniwa kwanza ni dohani, bomba la kutolea moshi, au hata ukuta unaotunza joto.

Kwa hiyo usikiite kifaa kizuri au kibaya kabla hujajua nani anakitumia, wapi, kwa kazi gani. Anza leo: chagua kifaa kimoja kinachokuudhi, mtazame mwenzako akikitumia bila kumwelekeza, kisha andika mkono wake unaposita.