Baiskeli ya mtumba: kagua fremu kabla ya kulipa

Mkazi wa Dadaab anayetafuta baiskeli ya mtumba kwa safari za Ifo, Dagahaley au Hagadera anashauriwa kuanza na fremu. Tairi, cheni na breki hubadilishwa. Fremu ikivunjika njiani, mzigo ukiwa kwenye keria, utaisukuma mchangani juani.

Chagua ya chuma. Beba sumaku ndogo: hunasa kwenye chuma, haishiki aluminiamu. Chuma kikipasuka, fundi wa kuchomelea anaweza kukiunga. Aluminiamu inahitaji mashine na ujuzi ambao si kila fundi anao.

Kagua hasa sehemu ya mbele, pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani. Pitisha kidole upande wa chini. Ukihisi mkunjo au uvimbe, au rangi imepasuka kwa mstari, huenda baiskeli hiyo iligonga kitu kwa nguvu. Iache hata ukipunguziwa bei. Rangi mpya mahali hapo pekee nayo itilie shaka.

Kisha funga uzi penye ekseli ya nyuma, uupitishe mbele ya bomba la usukani, urudi upande wa pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikitofautiana, fremu imepinda.

Jaribu kuchomoa kiti. Kikigoma, kimeshikwa na kutu. Hakikisha pia tairi pana inaingia, kwa ajili ya mchanga.

Dai risiti yenye nambari ya fremu, ambayo mara nyingi hugongwa chini ya ekseli ya pedeli. Bila hiyo, baiskeli ikitambuliwa kuwa ya wizi, hutakuwa na la kuwaonyesha polisi.