Adui Aliyewafundisha Kusali

Kiangazi cha 1954, wavulana 22 wa miaka ipatayo 11 walipelekwa kambini Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Muzafer Sherif, mtaalamu wa saikolojia ya jamii mzaliwa wa Uturuki, alikuwa amewachuja makusudi wafanane: wote Wazungu, Waprotestanti, wa familia za kipato cha kati. Akawagawa makundi mawili, Eagles na Rattlers, kisha akawashindanisha kwa besiboli na kuvuta kamba.

Uhasama ulizuka mara moja. Siku ya kwanza ya mashindano Eagles, waliokuwa wameshindwa, waliichoma bendera ya Rattlers. Lakini kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Eagles waliposhinda mchezo mwingine, walikubaliana kwamba wamepata ushindi kwa kuwa walisali, na kwamba Rattlers wameponzwa na midomo yao michafu. Basi wakapiga marufuku matusi kundini mwao. Rattlers nao walijivunia ukakamavu, mtu akiumia halalamiki. Watoto wa malezi yaleyale, ndani ya siku chache, hawa wamekuwa wacha Mungu na wale mashababi. Si mchungaji wala mzazi aliyewafikisha hapo. Ni mpinzani.

Mpinzani aliwabadilisha hata macho. Maharage yalimwagwa chini, kila mmoja akaokota yake, kisha picha iliyodaiwa kuwa ya alichookota ikaonyeshwa ukutani kwa muda mfupi ili wenzake wakisie idadi. Kumbe picha zote zilikuwa na idadi ileile. Hata hivyo kila kundi liliona kuwa watu wake ndio waliookota mengi. Shabiki wa Simba au Yanga aliyewahi kubishia penalti hahitaji kuelezwa zaidi.

Baadaye Sherif aliwapatanisha kwa kuwapa shida za pamoja, kama vile lori lililogoma ambalo walilivuta wote kwa ileile kamba ya mashindano.

Ila kuna jaribio lililotangulia, la 1953 katika jimbo la New York, ambalo halitajwi sana. Huko wavulana waliachwa wazoeane kwanza, ndipo wakatenganishwa. Mali zao zilipoharibiwa kwa siri ili walaumiane, waligoma kulaumiana. Waliwashuku wasimamizi wa kambi. Sherif alilivunja jaribio hilo kabla halijafika mwisho, na sifa zote zikaenda kwa lile lililozaa maadui.