Kwa Nini Betri Huzeeka



Katika barabara za Kagugu, wilayani Gasabo jijini Kigali, pikipiki za umeme hupanda kilima bila mngurumo wala moshi. Tangu Januari 2025, Serikali ya Rwanda imetaka pikipiki mpya za kubeba abiria jijini humo ziandikishwe zikiwa za umeme tu. Dereva aliyeishiwa na umeme hangoji betri ijae. Huiacha kituoni, akapewa nyingine, akaendelea na safari. Utaratibu huo huokoa wakati, lakini hauondoi ukweli mmoja: kila betri inayochajiwa huzeeka, iwe ya pikipiki, ya kurunzi, ya simu ya upepo, au ya sigara ya umeme.

Jambo hili linawahusu sana wanajeshi na askari polisi. Askari huingia lindoni usiku, simu yake ya upepo ikionyesha kwamba imejaa. Kabla ya alfajiri imezimika. Alama ile haikusema uongo. Betri ilikuwa imejaa kweli, ila chombo chenyewe kimepungua. Ni kama mtungi ulioingia mchanga hadi nusu: maji hufika ukingoni, lakini si maji ya siku zile.

Je, mchanga huo hutoka wapi? Betri za ioni za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991, hufanya kazi kwa kusafirisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Betri ikichajiwa, chembe hizo huingia katika matabaka ya grafiti. Ikitumiwa, hurejea zilikotoka. Lakini katika kila safari chembe chache hunaswa katika utando mwembamba unaoifunika grafiti, wala hazirudi tena. Zaidi ya hayo, grafiti hupanuka na kusinyaa, ikapata nyufa, na kila ufa hufungua mahali papya pa kuota utando. Haba na haba hujaza kibaba; kwa betri, haba na haba hukipunguza.

Adui mkubwa ni joto. Betri iliyojaa kabisa na kuachwa ndani ya gari juani huzeeka upesi, hata kama hakuna aliyeitumia.

Lipo pia kosa la mazoea. Zamani, watumiaji wa betri za nikeli na kadimiamu walifundishwa kuzimaliza kabisa kabla ya kuzichaji tena. Fundisho hilo lilikuwa na sababu kwa betri zile. Kwa betri za lithiamu ni kinyume: kuzimaliza mara kwa mara ni kuziua.

Basi, la kufanya ni nini? Betri ya kazi ichajiwe kabla haijaisha. Ya akiba ihifadhiwe mahali pa baridi, ikiwa imejaa kiasi cha nusu, na ichajiwe kikamilifu zamu inapokaribia. Iandikwe tarehe ilipoanza kutumika, na mara kwa mara ipimwe inadumu saa ngapi. Iliyovimba iondolewe kazini mara moja. Isitobolewe wala kutupwa motoni.

Uzee wa betri hauzuiliki, ila huweza kucheleweshwa. Askari husafisha silaha yake kabla ya kuihitaji. Na aikague betri yake vivyo hivyo, kwani usiku wa hatari, sauti ya kuomba msaada haitasafiri bila hiyo.