Je, Wajua? Kakao, mchele na meno ya mtoto wa Kyela

Ganda jembamba la mbegu ya kakao lina kemikali zinazopambana na kuoza kwa meno. Nayo Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao Tanzania! Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walieleza kuwa kemikali hizo hudhoofisha bakteria wanaoozesha meno na kuwazuia kutengeneza utando unaonata kwenye jino.

• Usitegemee chokoleti. Kiwandani ganda huondolewa, sukari huongezwa. Bakteria hula sukari hiyo na kutoa tindikali. Tindikali ndiyo inayotoboa jino.

• Mtoto wa chini ya miaka 3 anahitaji dawa ya meno kiasi cha punje moja tu ya mchele. Kila jiko la Kyela lina kipimo hicho! Iwe dawa yenye floridi. Msugue mara 2 kwa siku, tangu jino la kwanza linapochomoza. Akitimiza miaka 3, weka kiasi cha punje ya njegere.

• Njia ya kuziba jino bila umeme ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Mtaalamu hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha huziba kwa saruji maalumu inayotoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu mwaka 1994. Yafaa hata darasani, Ipinda au Matema wilayani Kyela. Mara nyingi mtoto hahitaji sindano ya ganzi.