Herufi za Madoido katika Majalada ya Vitabu: Mifano kutoka Mwanza na Ukanda wa Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa vitabu vya Kiswahili kwa kawaida huanzia kwenye matini, na jalada huachiwa mchoraji na mpiga chapa. Hata jalada linapozungumziwa, hutazamwa picha yake, na umbo la herufi za kichwa cha kitabu hupitwa kana kwamba ni chombo tu cha kubebea maneno. Hata hivyo, msomaji anayesimama mbele ya meza ya muuza vitabu huliona umbo hilo kabla hajasoma neno lolote. Makala hii inajadili herufi za madoido, yaani herufi zilizoviringwa, kuvimbishwa, kuinamishwa au kurushwa juu na chini ya mstari kwa namna ya mchezo. Inaeleza kwa nini herufi hizo huvutia, kisha inadai kwamba mvuto wake una manufaa pale tu mchezo unapolingana na maudhui na unapobakiza mifupa ya herufi.

2.0 Umbo la herufi kama kiimbo

Katika mazungumzo, neno moja huweza kuwa ombi, amri au mzaha kutegemea kiimbo. Katika maandishi, kazi hiyo kwa kiasi fulani hufanywa na umbo la herufi. Fonti ya Cooper Black, iliyosanifiwa na Oswald Cooper nchini Marekani mwaka 1922, ni nene na ya mviringo, haina ncha kali. Comic Sans, iliyosanifiwa na Vincent Connare mwaka 1994, hufuata mwandiko wa vitabu vya katuni. Zote mbili hupunguza ukali wa maandishi ya chapa na kuyakaribisha kwenye mwandiko wa mkono.

Hapo ndipo mvuto ulipo. Kwa wasomaji wengi, maandishi ya chapa yamezoeleka kupitia kitabu cha kiada, fomu ya ofisi na karatasi ya mtihani. Herufi inayocheza humwashiria msomaji kwamba safari hii hatahiniwi.

3.0 Mwalo kama shule ya herufi

Wakazi wa Mwanza hawakungoja kompyuta ili waijue sanaa hii. Katika mialo ya ziwa, ukiwemo ule wa Kirumba, chombo cha uvuvi huweza kubeba maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni namba ya usajili, ambayo huandikwa kwa herufi za kawaida ili mkaguzi aisome bila shaka. Ya pili ni jina, ambalo mwenye chombo hujichagulia: dua, methali, jina la mzazi au kijembe kwa mshindani. Kwenye jina ndiko mchoraji huonyesha ufundi wake kwa vivuli, rangi mbili na mikia mirefu ya herufi.

Pamoja na madoido hayo, jina lazima lisomeke, kwa sababu chombo huitwa, hutafutwa na kusubiriwa kwa jina hilo. Kwa hiyo pambo huongezwa kando ya herufi, na mifupa yake haivunjwi. Msanifu wa majalada ana la kujifunza hapo.

4.0 Mchezo na maudhui: vichwa viwili vya Ukerewe

Kisiwa cha Ukerewe kimetoa waandishi wawili ambao vichwa vya vitabu vyao vinafaa kulipima suala hili. Hapa hayajadiliwi majalada yaliyowahi kutumika, bali vichwa vyenyewe.

Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ina jina linaloweza kumchekesha asiyeisoma. Msanifu anayelifuata neno peke yake angeweza kulipa herufi za kuyumbayumba. Lakini mhusika mkuu, Kazimoto, huishia kujiua. Herufi za mzaha zingemwahidi msomaji kichekesho, na ahadi hiyo ingevunjwa na kitabu chenyewe. Kinyume chake, Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya mwandishi huyohuyo ingeweza kustahimili herufi zinazosukumana, kwa kuwa msukumano huo umo katika wazo la kitabu.

Mfano wa pili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza. Kitereza aliiandika kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye alifariki mwaka 1981. Kichwa hiki kina majina manne, na msomaji asiye Mkerewe hulazimika kuyaendelesha silabi kwa silabi. Herufi za madoido zingemzuia mlangoni.

5.0 Msomaji anayeanza

Madhara makubwa zaidi humpata mtoto, ambaye ndiye hasa hulengwa na herufi hizi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo irabu hujirudia mno katika kila kichwa cha kitabu. Katika fonti nyingi za mchezo, a hufanywa duara lenye kijiti kidogo, na kijiti hicho kinapofupishwa, a hugeuka o. Tofauti ya saka na soka, au chaka na choka, hupotea. Mtoto ambaye nyumbani husema Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na ambaye Kiswahili chenyewe bado anajifunza, hana akiba ya maneno ya kumsaidia kukisia. Anaweza kuamini kwamba kosa ni lake.

6.0 Madoido ya kuazima

Kuna pia suala la asili ya pambo. Neuland, fonti nzito iliyochongwa na Rudolf Koch nchini Ujerumani mwaka 1923, haikutokana na mwandiko wowote wa Kiafrika. Hata hivyo, wachapishaji wa nchi za Magharibi wameitumia mara nyingi kuashiria Afrika, na fonti hiyohiyo ilionekana katika mabango ya filamu ya Jurassic Park mwaka 1993. Msanifu wa Mwanza anapoichukua ili jalada lionekane la Kiafrika, huazima taswira ya pori iliyotungwa ugenini, ilhali mwaloni kuna mwandiko uliokwisha kukomaa.

7.0 Hitimisho

Herufi za madoido si upuuzi wa kuachiwa watoto, wala si pambo la kumwagwa popote. Huvutia kwa sababu hushusha ukali wa chapa na kumkaribisha msomaji. Zinapolingana na kitabu na kusomeka, humfikisha ndani. Zisipofanya hivyo, humdanganya au humfungia nje. Kwa hiyo uhakiki wa vitabu unapaswa kuanzia kwenye jalada, na wachapishaji wangefanya vyema kumjaribia mtoto anayeanza kusoma kichwa cha kitabu kabla hakijapigwa chapa.